Kelele ya Upande wa Mkwe

Kaka yangu hakuwahi kusikia gari lake likigonga, na masikio yake ni mazima. Gari lile lilikuwa na muziki. Kazi yake ni kukodisha spika kwenye sherehe, Masasi na vijiji vya jirani, na spika moja kubwa ilikuwa haitoki kwenye buti. Akiwasha gari, muziki unaanza kabla injini haijatulia. Alilinunua Mtwara likiwa tayari limeshushwa, yaani springi zake za kawaida zilitolewa zikawekwa fupi, gari likalala chini kama kuku aliyeatamia. Vijana wa Masasi walikuwa wanasimama kulitazama, na yeye alipenda watazame.

Mtu aliyesikia kelele ile ni mama mkwe wake. Mama huyu anaishi Mnyambe, kule juu Newala. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja. Si ugomvi, ni heshima. Ukimwona anakuja njia hii, wewe unachepuka. Ukiwa na neno naye, unampitishia mtu mwingine. Mahali anapokaa yeye, wewe hukai. Kwa hiyo kila kaka alipotaka mama apelekwe mahali, hakuendesha mwenyewe. Rafiki yake ndiye aliyeshika usukani, mama akakaa nyuma upande wa kushoto, muziki ukazimwa kwa ajili yake, na kaka akafuata nyuma kwa pikipiki ya kukodi, akila vumbi la gari lake mwenyewe. Gari likiwa kimya, yeye hayumo. Yeye akiwemo, hakuna kimya.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunga, na la kushoto lilikuwa linafuata. Aliweza kujua kwamba mtu amesimama mlangoni, lakini si nani. Korosho alikuwa anachambua kwa vidole, nzima huku, mbovu kule, na mara nyingi binti yake alikuwa anarudia kazi hiyo kimyakimya mama akishalala. Ndipo madaktari wa macho wakaja kwenye hospitali moja ya bondeni, upande wetu wa Masasi. Walikuja kwa siku chache tu, wapasue macho ya watu kisha waondoke. Atakayekosa angesubiri mpaka waje tena, na hakuna aliyejua watakuja lini. Mama akaandikishwa. Alichotakiwa ni kufika. Lakini alisema gari la mkwe wake hapandi, linagonga.

Neno hilo lilipita kwa shemeji yangu, mke wa kaka, aliyekuwa kule akimuuguza mama. Kaka aliposikia alinunua sukari akaipeleka Mnyambe. Alidhani mama ana jambo jingine moyoni, na kwamba gari amelitaja kwa adabu tu, ili yeye kaka atafute mwenyewe alipokosea. Wakwe wengi kwetu ndivyo wanavyofanya. Sukari ikapokelewa, na jibu likaja kwamba ameshukuru, lakini gari linagonga. Akapeleka vitenge. Ameshukuru, lakini gari linagonga. Mwisho akapanda Mnyambe akashinda juu ya paa la jiko la mama, akibadilisha bati zilizotoboka, huku mama amehamia kwa jirani ili wasionane. Jioni shemeji alimwambia:

"Mama hakusemi wewe. Analisema gari."

Ndipo akaniletea mimi gari.

Mimi ni fundi wa chini ya gari. Pale gereji yetu kuna mafundi wa injini, wa umeme na wa rangi. Mimi nimezoea miguu ya gari, yaani shokapu, springi, breki na bushi, zile raba za kwenye maungio. Nilimaliza darasa la saba nikaingia gereji, na nilichagua chini ya gari kwa sababu huko mtu huzungumzi na wateja. Wanaona viatu vyako tu.

Nililiinua kwa jeki nikatikisa kila tairi. Nikapenyeza mtaimbo kwenye kila bushi nikasukuma. Tairi la nyuma kushoto lilipokuwa linaning'inia, niliona springi yake inacheza kwenye kikombe inachokalia. Springi ikiwa fupi huwa hivyo, tairi likishuka inabaki imelegea, na tairi likipanda inarudi kwa kishindo. Nikadhani nimepata. Niliizungushia tyubu ya baiskeli juu na chini ili isigonge chuma, nikabadilisha na bushi zilizochoka, nikazunguka nalo kwenye mashimo yote ya mtaa wetu bila muziki. Kimya. Nikamwambia kaka liko sawa. Habari ikapanda Mnyambe, mama akakubali. Lakini siku zilikuwa zimekwenda, na madaktari walikuwa wamebakiza kesho tu.

Tulipanda mchana, mimi na kaka. Spika tuliiacha Masasi, ila redio ilikuwa juu njia nzima. Rafiki yake alikuwa safarini, kwa hiyo kaka alipatana na dereva mmoja wa Newala mjini aje Mnyambe alfajiri atuteremshe. Mimi leseni sina. Nasogeza magari gerejini na kwenye njia za vijijini. Mteremko wa Newala na mama wa watu ndani ya gari, hapana.

Kaka alishukia kwa jirani kama kawaida yake, nami nikaliingiza gari uani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na handaki walilochimba kwa ajili ya tangi la maji ya mvua. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza kama mimi ndiye fundi.

"Ndiye huyo," shemeji akasema. "Usimtazame sana mama, ana aibu, atakimbilia chini ya gari."

"Simwoni hata nikimtazama," mama akasema. "Haya baba, nipakie. Nataka nilisikie leo, nisije nikalisikia kesho mteremkoni."

Ni mama mwenye mwili. Alipoketi nyuma kushoto, gari lililala upande ule mpaka nikaliona kwenye kioo cha pembeni. Nikaliendesha taratibu kwenye njia ya mikorosho kuelekea barabara kubwa. Mahali pa kwanza penye mzizi halikusema kitu. Kwenye shimo la pili nikalisikia. Lilikuwa pigo moja, zito, la chuma kwa chuma, na nililisikia kwenye mgongo wangu kabla halijafika masikioni.

"Umesikia?" mama akauliza.

"Nimesikia, mama."

"Mimi nimelisikia mwaka mzima."

Niligeuza nikamrudisha uani. Nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba gari ni zima, na mama alikuwa amekubali kwa neno langu. Shemeji aliona uso wangu, safari hiyo hakunitania. Alikwenda kumwita mumewe.

Kaka alikuja mpaka nyuma ya jiko akasimama hapo, ukuta ukiwa kati yake na mama. Nilimweleza. Akasema yeye mwenyewe amelileta gari kutoka Masasi na halikugonga hata mara moja. Nikamwomba akae nyuma kushoto, mimi niendeshe, alisikie. Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo.

"Hapo alipokaa mama?"

"Ndiyo."

"Mdogo wangu, una akili kweli?"

Basi tukabadilishana. Mama akaingia ndani, kaka akashika usukani, mimi nikakaa nyuma kushoto. Tukapita kwenye mashimo yale yale, na gari halikugonga. Tulirudi uani kaka akitabasamu kidogo, mimi nikitokwa na jasho. Shemeji akasema si ajabu, mtu kama mimi ukimweka kwenye gari ni kama umeweka kofia. Alisema kwa utani, lakini nilishika neno lake. Gerejini nilikuwa nimelipima gari likiwa hewani, kisha nikaliendesha nikiwa peke yangu. Sikuwa nimemweka mtu mzito mahali anapokaa mtu mzito.

Nikaomba viroba. Udongo uliotoka kwenye handaki ulikuwa pale pale, mwekundu na mzito, tukajaza. Swali likawa vingapi. Mimi sikuthubutu kutaja. Kaka aligeukia mikorosho. Shemeji alisimama akikadiria kwa macho, akasema labda viwili, na sauti ya mama ikatoka dirishani.

"Mnanipima kwa udongo?"

Shemeji alijiziba mdomo kwa mkono.

"Basi ongezeni kimoja. Msinidharau."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Kaka naye nilimwona mabega yanatikisika, ingawa alikuwa bado anatazama mikorosho.

Tuliviweka viroba nyuma kushoto, mimi nikakaa kulia kwavyo, kaka akaendesha, redio imezimwa. Kwenye shimo lile gari likapiga. Kaka alikanyaga breki tukasimama katikati ya njia. Hakugeuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Siku zote?"

"Nadhani tangu ulinunue."

Aliachia usukani, akasema polepole, "Na mimi nikapeleka sukari."

Kusikia si kuona. Nilitakiwa niingie chini gari likiwa limebeba mzigo wake, matairi yakiwa chini, na gari lile hata paka hawezi kupita chini yake. Handaki lilikuwa jembamba kuliko gari. Tuliporudi uani kaka alilisogeza juu yake akiwa ametoa kichwa dirishani, nami nikimwonyesha kwa mkono, matairi ya huku upande huu, ya kule upande ule, kingo za udongo zikimomonyoka kidogo kidogo. Nilishuka handakini na tochi ya simu. Shemeji na jirani mmoja wakawa wanalikandamiza buti kwa mikono, chini, juu, chini, juu.

Kilichokuwa kinagonga nilikiona mara moja. Juu ya ekseli, kile chuma kinachobeba matairi ya nyuma, mahali pa kukaa raba nene ya kuzuia bodi isifike chini, hapakuwa na raba. Aliyelishusha gari alikuwa ameitoa, ili lilale zaidi. Upande ule ukilemewa na tairi likaingia shimoni, chuma cha bodi kinakutana na chuma cha ekseli. Hiyo peke yake ningeweza kuivumilia. Nikasogeza tochi kwenye springi. Haikuwa springi fupi ya kiwandani. Ilikuwa springi ya kawaida iliyokatwa kwa grenda, na kile kichwa kilichokatwa hakikukaa kwenye kikombe chake. Kila walipokandamiza buti, springi ilipinda tumbo kwa nje, na tumbo lile liligusa mpira wa breki. Huo ni mpira mwembamba mweusi unaopeleka mafuta kwenye breki ya tairi.

Niliwaambia waache. Nikaupapasa mpira kwa kidole. Upande wa springi ulikuwa umelika, ngozi ya nje haipo, nyuzi nyeupe za ndani zinaonekana. Ulikuwa bado mkavu. Kila pigo ambalo mama alilisema mwaka mzima, springi ilikuwa inalamba mpira ule.

Kaka aliuliza kutoka juu kama nimeona. Niliona viatu vyake tu kwenye ukingo. Nilijua nikifungua mdomo nitakuwa nimemnyima mama jicho lake.

Nilitoka nikasema, "Kesho hapandi mtu kwenye gari hili."

"Kesho ndiyo mwisho."

"Mpira wa breki umebaki nyuzi. Ukikanyaga sana kwenye mteremko utapasuka."

Kaka ni mkubwa wangu sana, na sijazoea kumwambia hapana. Hakubishana. Alichukua pikipiki ya jirani akaenda Newala mjini kutafuta mpira mwingine, na kama hakuna mpira, basi gari jingine. Mimi nilifungua tairi nikatoa springi, nikiharakisha nimalize kabla ya giza. Nikaigeuza ili kile kichwa kilichokatwa kiangalie upande mwingine. Nilikata vipande vya tairi kuukuu, nikavifunga kwa waya kwenye nafasi ya ile raba iliyotolewa.

Kaka alirudi jua likizama, mikono mitupu. Duka la kwanza lilikuwa limefungwa, la pili lilikuwa na mipira ya magari makubwa tu. Mwenye gari la kukodi alikuwa amekwenda msibani na gari lake. Magari ya abiria hayatoki mpaka jua lipande, na hospitali walisema watu wa mwisho waingie asubuhi na mapema.

Kulikuwa na njia moja, na sikuipenda. Unafungua bomba la mafuta linalokwenda kwenye tairi lile, unaliziba kabisa, tairi linabaki bila breki na mengine yanabaki nazo. Nilimweleza kaka. Nilimwambia gari litashika, lakini halitashika kama zamani, na ukikanyaga ghafla kwenye vumbi litavuta upande mmoja. Anayeendesha ashuke kwa gia, polepole, mguu uwe mwepesi. Na mama asikae nyuma kushoto. Sikutaka tena uzito pale. Akae mbele.

"Mbele, karibu na dereva," kaka akasema.

"Ndiyo."

"Haya. Dereva ni yule wa mjini. Si kitu."

Nikaliziba. Shemeji alikaa kwenye usukani akakanyaga pedali kwa miguu yote miwili, injini ikiwaka, mimi nikiwa chini nikitazama kila kiungo. Hakuna kilichovuja. Nikamwambia arudie. Nikamwambia tena. Mwisho aliniuliza kama nataka atoboe gari atokee upande wa pili.

Dereva alikuja kwa pikipiki alfajiri kukiwa na ukungu. Alikuwa mtu mzima, mchangamfu, amevaa koti la mvua. Kaka alimweleza yote bila kuficha, nami nilifurahi kwamba hakuficha. Dereva alizunguka gari, akainama, akagonga tairi la nyuma kwa kiatu.

"Kwa hiyo breki zimebaki tatu."

"Tatu," nikasema.

"Tafuteni mtu mwenye roho tatu. Mimi nina moja." Alicheka, lakini alikuwa ameshavaa tena kofia yake ya pikipiki. Aliomba radhi kwa mama kupitia mlangoni, akaondoka, na mlio wa pikipiki ukamezwa na ukungu.

Tulibaki uani. Kaka alikuwa amesimama nyuma ya jiko. Shemeji alikuwa ameshika kikapu cha mama chenye khanga na chupa ya maji, hajui akiweke garini au akirudishe ndani. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu. Mama alitoka akasimama mlangoni, ameshika fremu.

"Gari hili kila siku linaendeshwa na nani?" aliuliza.

"Na mkweo," shemeji akasema.

"Mteremko anaujua?"

"Anaujua, mama. Lakini wewe unatakiwa ukae mbele. Pembeni yake."

Jirani aliyekuwa amekuja kutuaga alishusha macho chini. Nilifikiri mama atasema basi, tuache, atasubiri madaktari waje siku nyingine, na hakuna ambaye angemlaumu. Alivuta khanga yake akajifunika kichwa mpaka chini ya kidevu, upande wa kulia ukafunikwa kabisa.

"Macho yenyewe hayaoni," alisema. "Nani atasema nimemtazama? Mwambieni dereva aje."

Kaka alitoka nyuma ya jiko akipita mbali, akazunguka mbele ya gari, akaingia bila kugeuza shingo. Shemeji alimwingiza mama mbele kushoto kisha akabaki, gari lisizidiwe. Mimi nilikaa nyuma kulia, kichwa nimekiinamisha kati yao, sikio langu likiwa kwenye tairi.

Mpaka Newala mjini hapakuwa na neno. Kaka alijibana kwenye mlango wake kiasi kwamba kila alipobadilisha gia aliishika kwa vidole tu, asije akagusa khanga. Nilitaka kumwambia aishike vizuri, sikuweza. Tulipita soko likiwa bado halijafunguka, ndoo za watu zikiwa zimepangwa kwenye bomba, kisha barabara ikaanza kuinama.

Pale ukungu ulikuwa mzito. Upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili weupe mtupu, na mimi najua kuna nini chini ya ule weupe. Kaka aliweka gia ya pili. Injini ikalia. Mama alishika mpini wa mlango.

"Mwambie dereva apunguze," aliniambia.

"Kaka, punguza."

Kaka alikuwa amemsikia, alikuwa karibu naye kuliko mimi. Lakini alingoja mpaka nilipolirudia neno, ndipo akaweka gia ya kwanza.

"Mwambie kuna gari linapanda, nalisikia."

"Kaka, kuna gari linapanda."

Lori lilitoka ndani ya ukungu taa zikiwaka, likatupita karibu. Kaka aligusa breki. Gari likavuta kulia kidogo, akalirudisha. Niliona shingo yake imelowa. Nilikuwa nahesabu mashimo kwa mgongo, kila tairi la nyuma lilipodumbukia nilikaza meno, na springi ilikuwa kimya, vile vipande vya tairi vilikuwa vinapokea. Nikaanza kupumua.

Kwenye kona iliyofuata ukaja mlio. Ulikuwa wa chuma kukwaruza chuma, mrefu, haukatiki. Kaka alisimamisha gari kwa kuvuta breki ya mkono polepole huku amekanyaga, tukasimama tumeinama, injini inaunguruma. Hakunitazama mimi. Uso wake ulikuwa mbele, kwenye kioo, na alisema kwa sauti ambayo sikuijua:

"Mama, ndiyo hiyo?"

Hakuwahi kumsemesha tangu amuoe binti yake. Sikuwa na neno la kupitisha.

Mama alijibu, na hakunijibu mimi.

"Siyo hiyo, baba. Ile ilikuwa nyuma, inanipiga mgongoni. Hii iko mbele, miguuni kwangu. Ni nyepesi."

Nilishuka nikaweka jiwe mbele ya kila tairi, polepole, maana nilikuwa natafuta mawe huku nawasikiliza kama watasemezana tena. Hawakusema. Nilikwenda tairi la mbele kushoto, miguuni kwa mama kama alivyosema. Nikachungulia ndani ya rimu kwa tochi. Kijiwe kilikuwa kimenasa kati ya diski ya breki na bati lake. Nilikichokonoa kwa bisibisi kikaanguka. Ni kitu cha kawaida kwenye barabara za kokoto, hakina hatari yoyote. Kabla sijarudi ndani nikapapasa pia lile bomba la nyuma nililoliziba, nikanusa vidole. Vikavu.

Nilipoingia nikasema ni kijiwe. Mama akasema, "Mwambie dereva twende," na nikamwambia kaka, naye akangoja nimalize ndipo akaachia breki ya mkono. Wakawa wamerudi walipokuwa.

Tulitoka kwenye ukungu bondeni, jua likatupiga usoni mara moja, na mikorosho ikaonekana mpaka mbali. Kaka aliweka gia ya tatu kwa mkono mzima. Hospitali tulikuta watu wamejaa barazani, wazee wengi, kila mmoja na mtu wake wa kumshika mkono. Muuguzi aliita jina la mama tukiwa bado mlangoni. Nilimshika mkono mimi, nikamfikisha, na mlango ukafungwa. Kaka alikuwa amekwenda kukaa kwenye benchi la mwisho, upande wa pili wa baraza, amegeukia ukuta.

Walimpasua jicho la kushoto. Alilala hapo. Kaka alitafuta mpira wa breki Masasi akaupata. Niliufunga kule kule hospitalini, nikatoa kile kizibo, nikakanyaga pedali mpaka nikaridhika. Kuhusu springi hakuniambia kitu siku ile, lakini alikuja nazo jioni kwenye pikipiki, nne, ndefu, za kawaida, akaziweka karibu na jeki yangu. Nilifanya kazi hiyo chini ya mti ulio nje ya lango, na gari likasimama juu kama magari mengine ya watu.

Asubuhi walimfungua bandeji. Nilikwenda kumchukua peke yangu. Alitembea barazani taratibu, jicho linatoa machozi, akisimama kila baada ya hatua chache kutazama vitu. Alitazama ndoo. Akamtazama mtoto aliyekuwa anakula ndizi. Tulipofika nje, rafiki ya kaka, aliyekuwa amerudi kutoka safarini, alikuwa ameshakaa kwenye usukani, na mama akasimama mbele ya gari.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

"Kumbe la kijani. Nilidhani jeusi."

Kaka alikuwa amesimama mbali, karibu na lango, akisubiri tuondoke ndipo apande pikipiki. Hakutuona tunatoka, alikuwa anatazama barabarani. Mama alimwona. Alimtazama kwa lile jicho moja, muda mrefu kidogo kuliko inavyoruhusiwa, mtu aliyemwoa binti yake na ambaye kwa miaka yote alikuwa kivuli tu kinachochepuka njiani. Kisha kaka aligeuka, na mama akashusha jicho, akavuta khanga, akanipa mkono nimwingize garini.